Gusa na Useme

Wapendwa, leo sitawapeleka shambani wala kisimani. Huko tumeshakwenda mara nyingi, na wengine wenu mnaanza kusinzia kabla mkulima hajashika jembe. Leo nawapeleka juu. Futi elfu nne. Mama pale mbele, usiogope, tutarudi salama wote, au karibu wote. Sikilizeni kwanza.

Palikuwa na uwanja mdogo wa ndege katikati ya tambarare kavu. Njia moja ya kurukia, ya udongo mgumu, soksi ya upepo iliyochanika, na kijumba cha ofisi. Hapo uwanjani walikuwapo watu wenye shughuli ambayo wengi wetu hatuielewi: wanapanda ndege nzima, isiyo na hitilafu yoyote, wakifika juu wanafungua mlango na kujitupa nje kwa hiari yao. Mnacheka. Na mimi nilicheka. Lakini watu hao wapo, na akili zao ni timamu kama zenu.

Katika kijumba kile cha ofisi alifanya kazi mama mmoja wa miaka arobaini na moja. Nitamtaja sana, kwa hiyo niruhusuni nimpe jina. Tumwite Tumsifu. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa abiria na mizigo, na kuandika saa ya kila ndege inayoruka na kila inayotua. Nyumbani alikaa na mama yake mzazi, na alikuwa akilea watoto wawili wa marehemu dada yake. Miaka tisa Tumsifu alikaa dirishani akiwatazama wenzake wakishuka na miavuli yao ya rangi, yeye anaandika saa tu. Na kila mmoja aliposhuka, moyo ulimwuliza swali lile lile: na wewe je? Miaka tisa, wapendwa. Kuna swali linaloweza kukaa na mtu muda mrefu kuliko mpangaji.

Siku alipomweleza mama yake, bibi yule aliacha kuchambua mchele akamtazama.

"Mwanangu, huko juu umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, mama. Nataka na mimi nishuke mara moja."

"Si upande ngazi ya kanisa ushuke?"

"Mama, jamani!"

"Haya." Bibi akarudi kwenye ungo wake, lakini hakuwa amemaliza. "Una watoto wawili hapa. Mama yao wa kwanza, aliyewazaa, amelala pale mgombani. Wa pili ni wewe. Hawana mama wa tatu. Kama unakwenda, kajifunze vizuri. Sikusema haraka, nimesema vizuri."

Ile ndiyo ilikuwa hofu ya Tumsifu mwenyewe. Hakuogopa sana kufa. Aliogopa watoto wale wasije wakafiwa na mama mara mbili.

Sasa, kujifunza kuruka kuna njia zake. Ipo njia ya kufungwa pamoja na mwalimu, mwili kwa mwili, kama mtoto kwenye kitenge. Yeye anaruka, yeye anafungua mwavuli, yeye anatua, wewe kazi yako kupiga kelele. Najua mnadhani nitahubiri juu ya njia hiyo, kwamba tujifunge kwa Bwana tumwachie yeye kila kitu. Ni hubiri zuri, lakini si la leo. Tumsifu hakutaka kubebwa. Alitaka njia ya pili, ya kuruka peke yako. Katika njia hiyo kuna mkanda mrefu unaofungwa kwenye ndege, na wewe ukitoka mlangoni mkanda huo unakufungulia mwavuli. Ukifunguka vizuri huna kazi tena. Unaelea tu, unatazama mbuzi wa watu huko chini.

Je, usipofunguka vizuri?

Hapo ndipo penye shule. Kifuani kwako una vishikio viwili. Cha kulia ni chekundu. Ukikivuta, mwavuli mbovu unakuachia na kwenda zake. Cha kushoto ni cheupe. Ukikivuta, unafunguka mwavuli wa akiba ulio mgongoni. Chekundu, halafu cheupe. Basi. Hata watoto wa shule ya Jumapili wanaweza. Watoto, kinaanza kipi? Chekundu. Halafu? Cheupe. Ahsanteni, mmefaulu, lakini msiruke.

Uwanjani pale walikuwapo walimu wawili wa jambo hili, kila mmoja na banda lake, mmoja upande huu wa njia ya ndege na mwingine ng'ambo. Tumsifu aliwaona wote wawili kutoka dirishani kwake.

Mwalimu wa upande huu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kila mtu alimwita Afande. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, anayekumbuka jina la mwanafunzi na majina ya watoto wake. Bandani kwake mikanda sita ilining'inia kwenye boriti, na wanafunzi sita waling'inia ndani yake kwa mstari, miguu ikielea. Afande alipita mbele yao, akafika kwa mmoja, akapaza sauti: "Hatari!" Hapo mwanafunzi anakitazama kishikio chekundu, anakigusa, anasema kwa nguvu, "Nimevuta chekundu!" Anakitazama cheupe, anakigusa, anasema, "Nimevuta cheupe!" Naye Afande anajibu, "Vizuri! Anayefuata!" Sekunde sita, wamemaliza.

Mtauliza, kwa nini wanagusa tu? Kwa sababu ukikivuta kishikio kweli kinachomoka na waya wake, na kukirudisha mahali pake ni kazi ya nusu saa. Watu sita wakivuta, asubuhi nzima imekwisha. Kwa hiyo Afande alikuwa amebuni njia yake: gusa na useme. Kwa njia hiyo, hadi kufika saa ya chakula kila mwanafunzi alikuwa amefanya zoezi mara kumi na tano. Na lilipendeza kulisikia! Chekundu, cheupe, vizuri, anayefuata. Watu walisimama nje kusikiliza.

Ng'ambo ya pili mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, msema machache, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kukunja miavuli. Yeye alikuwa na mikanda miwili tu, na chini yake godoro kuukuu. Kwake hakuna kugusa. Kwake unavuta. Ukivuta kishikio chekundu mkanda unakuachia, unaanguka puu kwenye godoro. Halafu unakaa chini na kile kishikio, unakirudisha mwenyewe, unapitisha waya kwenye vitanzi vidogo kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, mpaka ncha za vidole ziwake moto. Kwa siku nzima unafanya mara nne, ukijitahidi sana mara tano.

Basi wanafunzi wa Afande walikuwa wakiwatania wa ng'ambo: "Ninyi mnasomea kuruka au kushona?" Nao wa ng'ambo wanajibu: "Na ninyi mnasomea kuruka au kwaya?" Kwaya yetu, samahanini, si mimi niliyesema.

Tumsifu alikwenda kwanza ng'ambo. Alikwenda jioni moja baada ya kazi, akafungwa mkanda, akaambiwa avute. Akavuta. Akaanguka kwenye godoro kwa ubavu, akalala pale akihema, na mwalimu yule akaja kusimama juu yake.

"Mkononi una nini?" mama wa ng'ambo akamwuliza.

Tumsifu akatazama. "Kishikio."

"Basi umevuta. Siku nyingine nikikuuliza kama umevuta, usinijibu kwa mdomo. Nionyeshe mkono."

Halafu akampa kazi ya kukirudisha. Tumsifu alishindana na ule waya kwa dakika arobaini. Ubavu unamuuma, kidole kinavuja damu, jua linazama, na hesabu ya zoezi lake kwa siku ile ni moja. Moja! Alivuka kurudi upande wa pili amekasirika. Alikuwa na likizo ya wiki mbili tu. Kwa mwendo ule, alijiambia, nitaruka nikiwa nimefanya mara hamsini, na mwanafunzi wa Afande atakuwa amefanya mia mbili. Hebu niambieni ninyi: mtu aliyefanya mara hamsini na mtu aliyefanya mara mia mbili, nani amejifunza zaidi?

Mmenyamaza. Mnaogopa mtego. Tumsifu hakuona mtego wowote. Akajiandikisha kwa Afande.

Na alikuwa mwanafunzi bora, nisimnyime haki yake. Kadi yake ya mazoezi ilijaa alama za vema mbele na nyuma, mara mia mbili na kumi na mbili. Alifanya zoezi hata nyumbani. Anaosha vyombo, anasimama ghafla, anagusa kulia, anagusa kushoto, "Nimevuta chekundu, nimevuta cheupe!" na watoto wanaitikia, "Vizuri! Anayefuata!" Jioni moja bibi alimtazama kwa muda, akauliza, "Mbona hakuna unachovuta?"

"Ndivyo tunavyofundishwa, mama."

Bibi akasema, "Aa." Akaendelea na mchele wake.

Siku ya siku ikafika, saa nne asubuhi, anga jeupe, upepo kidogo. Bibi na watoto wawili walisimama kwenye uzio wa uwanja. Mtoto mdogo alikuwa na kikombe cha uji, kwa sababu alikataa kuondoka nyumbani bila kukimaliza, na sasa hanywi tena, anatazama juu. Mahali pa Tumsifu dirishani alikaa mtu mwingine, akaandika saa ya ndege kuruka. Huko juu mlango ukafunguliwa. Upepo ukamkamata uso. Tumsifu alifikiria miaka tisa, akafikiria watoto, akaruka.

Mkanda ukavuta. Mwavuli ukatoka. Na Tumsifu alipoinua macho kuutazama, kama alivyofundishwa, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kutoka dirishani. Kamba moja ilikuwa imepita juu ya kitambaa na kukibana katikati. Mwavuli ulikuwa umefunguka nusu upande mmoja na nusu upande mwingine, na tayari ulikuwa unazunguka. Naye akazunguka nao. Ardhi ikapita, mbingu ikapita, ardhi ikapita tena, na kila ilipopita ilikuwa karibu zaidi.

Hakuchanganyikiwa. Ndugu zangu, hapa nisikieni vizuri. Hakusahau hata kitu kimoja. Alikitazama kishikio chekundu. Mkono ukaenda pale pale, bila kukosea. Akakigusa. Akasema kwa sauti ya wazi, "Nimevuta chekundu!" Akakitazama cheupe. Akakigusa. "Nimevuta cheupe!"

Akasubiri.

Anasubiri nini? Anasubiri sauti ya Afande imwambie vizuri. Mara mia mbili na kumi na mbili alisema maneno yale, na mara mia mbili na kumi na mbili akaambiwa vizuri, na hatari ikaisha. Sasa amesema, na hatari haiishi. Anazunguka. Akadhani labda hakusema kwa nguvu. Akarudia, safari hii kwa kupiga kelele: "Nimevuta chekundu! Nimevuta cheupe!" Na vidole vyake vikagusa tena, kimoja, kingine, kwa ustadi mkubwa.

Hilo la kurudia kwa kelele linanisumbua sana. Kwa sababu nasi tunalijua. Neno letu lisipofanya kazi, hatuutazami mkono. Tunaongeza sauti ya spika.

Chini kwenye uzio bibi hakujua mambo ya kamba na vishikio, lakini aliona mwavuli wa mwanawe unazunguka wakati miavuli ya wengine haikuzunguka. Akawageuza wale watoto wawili, akawafunika nyuso kwa kitenge chake. Yeye mwenyewe akaendelea kutazama.

Na huko juu, katikati ya kuzunguka, likamjia Tumsifu swali. Halikuwa neno la Afande. Lilikuwa swali la siku moja tu, la jioni moja aliyoondoka amekasirika na ubavu unauma. Mkononi una nini?

Akautazama mkono wake. Mtupu.

Akatazama wa pili. Mtupu.

Nawaambia, mama yule alipata hofu pale ambayo hakuipata mlangoni mwa ndege, maana ndipo alipoelewa kwamba tangu mwanzo alikuwa hajafanya lolote. Akakishika kishikio chekundu kwa mikono miwili, akakivuta kwa nguvu zake zote, na hakusema neno. Mwavuli mbovu ukaenda zake. Akakivuta cheupe. Mwavuli wa akiba ukalipuka juu yake, mweupe, mzima, nao ukamshusha kwenye shamba la alizeti nje ya uzio, upesi mno na kwa kishindo, lakini ukamshusha.

Bibi ndiye aliyefika kwanza. Mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Alimkuta mwanawe amekaa kati ya alizeti zilizovunjika, mikono miwili imefumbwa. Akajaribu kumfumbua vidole, vikakataa. Ndani ya mkono mmoja mlikuwa na kishikio chekundu, ndani ya mwingine cheupe. Watoto wakamrukia shingoni, na mdogo akammwagia uji wote mgongoni. Hakuna aliyemgombeza.

Halafu Afande akafika mbio, jasho linamtiririka, machozi pia, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Tumsifu! Mwanangu! Umefanya sawasawa na nilivyokufundisha!"

Tumsifu akainua macho. "Ndiyo, Afande. Mwanzoni nilifanya sawasawa na ulivyonifundisha. Nusura nife."

Kisha akamweleza yote. Alivyogusa. Alivyosema. Alivyosubiri kuambiwa vizuri. Hakusema kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa Afande, maana hasira angeijibu.

Ningeweza kuishia hapa, tukaimba, tukaenda zetu. Tungemlaumu Afande kwa wiki nzima, na ingekuwa raha. Lakini mfano wangu bado una kipande, na hicho kipande ndicho kilichoninyima usingizi.

Mchana ule ule Afande alivuka njia ya ndege kwa miguu, na wanafunzi wake wote nyuma yake. Tumsifu naye akaja, akichechemea. Afande akasimama mbele ya mama wa ng'ambo, akavua kofia.

"Nifundishe," akasema.

"Wewe, Afande? Umeruka mara ngapi?"

"Mia tisa na zaidi. Na miavuli yangu yote ilifunguka. Sijawahi hata siku moja kuhitaji kuvuta."

Mama wa ng'ambo akamfunga mkanda bila maneno zaidi. Afande akaning'inia juu ya lile godoro kuukuu, mtu mzima, mvi kichwani, wanafunzi wake wakitazama. Yule mama akarudi nyuma hatua mbili, akapaza sauti: "Hatari!"

Afande akakitazama chekundu. Mkono ukaenda. "Nimevuta chekundu!" akasema, kwa sauti ile nzuri ya kijeshi. "Nimevuta cheupe!"

Na akabaki ananing'inia. Alikuwa amekuja kujifunza kuvuta. Amevuka uwanja mzima kwa ajili hiyo, saa chache tu baada ya kuona mwanafunzi wake anakaribia kufa. Na mkono wake ukagusa. Hakuna aliyecheka. Godoro lilikuwa tupu chini yake.

Mama wa ng'ambo akauliza polepole, "Afande, mkononi una nini?"

Mzee yule akautazama mkono wake kwa muda mrefu. "Miaka ishirini," akasema. "Nimewafundisha watu miaka ishirini."

"Najua. Sasa vuta."

Akavuta. Akaanguka puu. Na Tumsifu akakaa chini kando yake kwenye godoro, akachukua ule waya, akaanza kumwonyesha jinsi unavyopitishwa kwenye vitanzi.

Wapendwa, turudi chini sasa. Tumeshatua, tuko humu ndani.

Mimi nawauliza: humu tunafundishana kwa njia ipi? Kila Jumapili tunaungama pamoja, sauti moja, inapendeza, watu wa barabarani husimama kusikiliza. Tumetubu. Tumesamehe. Tumeacha. Sekunde sita. Wewe baba uliyesema umeacha, hebu utazame mkono wako usiku wa Ijumaa una nini. Wewe dada uliyesema umemsamehe wifi yako, mbona alipojifungua hukuvuka njia kwenda ng'ambo kumwona mtoto? Hukuwa mwongo uliposema. Tumsifu hakuwa mwongo. Aliamini kabisa kwamba anavuta. Hilo ndilo la kutisha: mdomo ukizoea kusema "nimevuta", mkono unaamini kazi imekwisha, na siku ya hatari unakuwa na ustadi mkubwa wa kugusa.

Na ninyi mmejifunza wapi kugusa? Mnanitazama kwa adabu, hamtaki kusema. Basi nitasema mwenyewe. Mmejifunza kwangu. Mimi ndiye niliyesimama hapa miaka kumi na minne nikiwaambia vizuri, anayefuata.

Sikukuu ya Pasaka mwaka huu nilisimama kwenye mimbari hii nikatangaza kwamba nimemsamehe yule mzee wetu aliyeandika barua ile juu yangu. Simtaji, mnamjua, na kiti chake pale dirisha la tatu mnakiona kiko wazi. Mlinipigia makofi. Wengine mlilia. Nami nilijisikia vizuri sana, kwa kweli nilijisikia mwepesi. Sasa niwaambie jambo ambalo mke wangu peke yake ndiye analijua. Tangu Pasaka sijapita mbele ya lango lake. Nikitoka hapa nazunguka njia ya mashineni, kwenye vumbi, kilomita nzima zaidi, ili nisionane naye. Na nyumbani kwangu, rafu ya juu, kuna chupa yake ya chai. Mke wake ndiye aliyetuletea mwaka juzi, mke wangu alipolazwa, na kila asubuhi alikuja nayo imejaa. Sijairudisha. Kila nikiitazama najiambia, lakini si nimeshamsamehe?

Nimegusa, ndugu zangu. Niligusa vizuri mbele yenu wote, na kwa spika.

Leo alfajiri niliishusha ile chupa. Niliiosha, na kwa kuwa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, nimeijaza chai. Iko hapa, nyuma ya mimbari, miguuni kwangu. Tukimaliza ibada sitasimama mlangoni kuwapa mikono kama kawaida. Mnisamehe kwa hilo. Nitakwenda kabla chai haijapoa, na sitazunguka njia ya mashineni. Sijui kama atanifungulia. Naogopa, nawaambia ukweli. Huenda nikafika langoni, mkono ukagusa kitasa, mdomo ukasema "nimefika", nikageuka.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Mkinikuta barabarani, msiniambie hubiri lilikuwa zuri. Mnitazame mkononi. Nikiwa ninakwenda na chupa, mniombee. Na nikiwa ninarudi nayo, mnirudishe.

Amina.